Bibi Shamba Anajibu: Bonsai ya elmu siyo pambo la meza ya TV

Wapendwa wasomaji, mwezi huu maparachichi na viazi nimeviweka pembeni kidogo, maana meseji za bonsai, vile vimti vinavyofanywa vidogo kwenye chungu, zimejaa na karibu zote ni za mti mmoja, elmu ya Kichina. Nimefurahi kweli. Ni mti naupenda na hali ya hewa ya huku kwetu nyanda za juu inaufaa sana, shida ni kwamba watu wengi wanaulea kama vile ni ua la plastiki. Kama swali lako hulioni soma la mwenzio, jibu lako linaweza kuwa humo humo.

Shikamoo Bibi Shamba. Nipo Mwanjelwa, Mbeya. Mjomba alinipa zawadi kabonsai ka elmu ya Kichina, nimekaweka sebuleni kwenye meza ya TV, nakamwagilia glasi moja kila asubuhi. Mwanzoni kalikuwa poa tu, sasa hivi majani yanageuka njano, nikigusa tawi yanamwagika. Kanakufa? Nikabadilishie udongo?

Marahaba mwanangu. Udongo usiguse sasa hivi, na mbolea usitie hata chembe, mti ulioishiwa nguvu ukiukata mizizi au ukiulisha chumvi za mbolea unaumalizia kabisa.

Kwanza tujue kama kazima. Chukua ukucha, kwangua kidogo sana ganda la tawi dogo, sehemu ndogo tu isizidi punje ya mchele. Ukiona kijani chini yake na pana unyevu, tawi lipo hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini ukwangue tawi nene zaidi, halafu shina. Elmu ina tabia nzuri ya kuchipua kwenye tawi au shina la zamani, hata tawi lililobaki tupu kabisa linaweza kutoa vichipukizi pembeni, kwa hiyo usiwe na haraka ya kutupa.

Sasa tatizo lenyewe. Huu mti kwao ni China, Japani, Korea, Taiwan mpaka Vietnam, na ukiachwa porini unakua mti mkubwa wa kivuli, mita 10 na zaidi. Udogo wake ni wa kukatwa na kufungiwa kwenye chungu, ila mahitaji yake ni ya mti wa nje, unataka jua, upepo na baridi ya usiku. Sebule ambayo wewe unaiona ina mwanga wa kutosha, kwake ni giza, jicho la mtu linazoea ila jani halizoei. Matokeo yake unaona matawi yanarefuka membamba, majani yanakaa mbalimbali, halafu yanaanza kuanguka. Na ile glasi yako ya kila asubuhi inaingia kwenye udongo ambao bado umelowa jana, maana mti usiopata jua haunywi maji kwa kasi, mizizi inakaa majini inaoza, na mizizi ikioza majani yanakuwa njano vile vile kama ya mti wenye kiu, ndiyo maana watu wanaongeza maji wakidhani wanasaidia.

Fanya hivi. Katoe nje leo, ila usikapeleke juani moja kwa moja, jani lililozoea ndani litaungua. Anza barazani au chini ya mti ambapo jua linapenya penya, kama wiki moja na nusu, halafu kasogeze kapate jua la asubuhi mpaka saa nne tano hivi, baadaye hata la siku nzima kataweza maana jua la Mbeya lina hewa ya ubaridi. Maji usimwagilie kwa saa wala kwa glasi. Chukua kijiti cha mshikaki, chomeka kwenye udongo pembeni mwa chungu mpaka karibu na chini, kiache dakika kumi, chomoa ukiangalie. Kikitoka na rangi ya unyevu acha, kikitoka kimekauka ndiyo umwagilie, na ukimwagilia mwaga mpaka maji yatoke kwa wingi kwenye matundu ya chini, sio kulowesha juu tu. Kipindi cha upepo mkavu wa mwezi wa nane mpaka wa kumi utakuta unamwagilia kila siku, pengine mara mbili kwa chungu kidogo, na masika unaweza kukaa siku kadhaa bila kugusa ndoo. Vumilia mwezi mmoja au miwili ndiyo uanze kusema kamekufa.

Habari za kazi Bibi Shamba, mimi ni mama wa Kihesa, Iringa. Elmu yangu nimeipanda kwenye udongo mweusi wa bustani niliochanganya na samadi, udongo mzuri mchicha unastawi ajabu, ila nikimwagilia maji yanasimama juu kama dimbwi. Nifanyeje?

Nzuri mama. Hili swali nalipenda maana ndipo bonsai nyingi za huku zinapofia, na dawa yake tunaikanyaga kila siku bila kujua.

Udongo wa bustani shambani ni mzuri kwa sababu chini yake kuna ardhi yote ya kuvuta maji na kuna minyoo na mizizi inayoupasua. Ukiuweka kwenye chungu cha kina cha vidole vinne, hizo chembe ndogo zinashikana, hewa inakosa njia, kila ukimwagilia unazidi kugandamana. Mizizi ya elmu inataka maji na hewa kwa pamoja. Wenye fani hii duniani wanatumia mchanganyiko wa punje punje, ndogo kuliko punje ya mahindi, wengi wananunua udongo wa Japani wa bei kubwa. Sisi huku tuna yale mawe mepesi ya volkano ya rangi ya maziwa machafu, yale ukiyatupa kwenye ndoo yanaelea. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita ukamwaga hayo mawe eneo kubwa, mpaka leo ukichimba upande wa Rungwe na Mbeya unakutana na tabaka lake. Ni mawe yenye vitundu vitundu, yananyonya maji ndani halafu yanaacha hewa ipite katikati. Kwa bonsai ni mali. Wewe uliyepo Iringa agiza kwa mtu anayepanda basi la kutoka Mbeya akuletee nusu kiroba, itakutosha vyungu vingi tu.

Yaponde yale makubwa kwa nyundo, chekecha kwanza na chekeche ya matundu makubwa ya milimita 6 hivi uondoe mabonge, halafu chekecha tena na ya milimita 2 au 3 uondoe vumbi, halafu osha mpaka maji yatoke safi. Lile vumbi usilionee huruma, ndilo linaloziba. Mimi nachanganya sehemu mbili za hayo mawe na sehemu moja ya changarawe ndogo ya mtoni na sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa. Kwenye upepo na ukavu kama wa Iringa ongeza mboji kidogo, sehemu za mvua nyingi punguza.

Kuhamisha usihamishe leo. Subiri mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa, baridi inapoachia na vile vitumba vya majani vinaanza kuvimba kabla havijafunguka. Siku hiyo ufanyie kivulini, upepo usipige mizizi. Toa mti, chukua kijiti chako kile kile cha mshikaki, anza kukwanyua udongo ukitokea kwenye shina kwenda nje taratibu kama unavyosuka nywele za mtoto, sio kuvuta. Kata mizizi mirefu inayozunguka chungu na ile minene inayoshuka chini, jumla usizidi theluthi moja ya mizizi yote. Iliyooza utaijua, nyeusi na laini, ganda linavuka ukivuta, hiyo toa yote. Weka kipande cha wavu wa dirishani juu ya matundu ya chungu, pitisha waya kwenye matundu uufunge mti kwa mizizi usitikisike, maana mti unaocheza na upepo unakata vimizizi vipya kila siku. Jaza punje zako, chomeka chomeka na kijiti ziingie katikati ya mizizi, mwagilia sana, halafu kivulini wiki mbili. Mbolea usitie mpaka uone majani mapya yamekomaa.

Mti mchanga rudia kila miaka miwili, mkubwa mitatu au minne. Halafu ile mizizi minene uliyokata usitupe, nitaeleza kwa kijana wa Uyole hapo chini.

Bibi Shamba, huku Njombe asubuhi umande umeganda mweupe kwenye nyasi, elmu yangu imepukutisha majani yote. Niiingize ndani?

Hapana mpendwa. Hiyo imelala tu, ndivyo inavyofanya hata kwao Korea ambako inapigwa na barafu kabisa. Mbeya mjini na Iringa mara nyingi inabaki na nusu ya majani yake, kwenu na Makete itapukutisha yote, zote sawa. Ukiingiza ndani kwenye joto la jiko utaiamsha wakati usio wake itoe majani dhaifu. Kinachohitaji ulinzi ni mizizi, kwa sababu chungu kina udongo kidogo, kwa hiyo kishushe chungu chini kwenye ardhi kando ya ukuta, kizungushie majani makavu ya paini mnayo tele huko. Maji kidogo kidogo, usiache kukauka kabisa, mti usio na majani nao unakunywa ila polepole.

Mama shikamoo, niko Ilula nalima nyanya. Niliona vidudu vya kijani vimejaa kwenye vichipukizi vya bonsai yangu, nikaipigia dawa ya nyanya iliyobaki kwenye bomba. Baada ya siku chache majani yoooote chini. Dawa ilikuwa na nguvu sana au?

Marahaba baba. Angalia kopo, upande wa kiambata sumu. Kama imeandikwa dimethoate ndiyo yenyewe hiyo, elmu ya Kichina haipatani nayo kabisa, inaangusha majani yote hata ukichanganya kwa kipimo sahihi. Dawa nyingine za kupenya ndani ya mmea nazo usiijaribie. Mti ukiwa ulikuwa na afya utachipua tena, mwagilia kwa kijiti kama nilivyoeleza hapo juu, weka penye mwanga usiwe wa kuchoma, usitie mbolea mpaka ujani urudi.

Wale vidukari wa kijani ni dhaifu mno. Unashika chungu unakilaza, unawapiga na maji ya bomba yenye kasi chini ya majani, unarudia siku ya tatu. Wakizidi changanya sabuni ya kipande kidogo iliyokunwa kwenye lita moja ya maji, piga jioni, asubuhi suuza. Anayenitia wasiwasi zaidi ni utitiri mwekundu, yule humwoni kwa urahisi, unaona majani yamepoteza rangi yana vinukta nukta na utando mwembamba katikati ya vitawi. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga tawi, ukiona vinukta vinatembea kwenye karatasi ndio hao. Wanapenda ukavu na ndani ya nyumba, kwa hiyo maji ya kupuliza chini ya majani kila siku na kukaa nje vinawapunguza sana. Na tafadhali bomba la kupigia nyanya usilitumie kwenye bonsai hata ukilisuuza, nunua kile kichupa cha kupuliza cha saluni.

Hapa Tukuyu mvua haikatiki. Majani ya elmu yangu yana madoa meusi. (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo mwalimu. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, majani hayapati nafasi ya kukauka na ukungu unashika. Ondoa majani yenye madoa pamoja na yaliyoanguka juu ya chungu uyachome, punguza vitawi vya ndani hewa ipite, halafu jenga kibanda cha nailoni ngumu ya kupitisha mwanga, juu pamezibwa pembeni wazi. Udongo wako uwe mawe yale ya Rungwe kwa wingi, mboji kiasi kidogo tu, wewe unayo mlangoni.

Oya Bibi Shamba mambo vipi, kijana wa Uyole hapa. Nataka kufanya biashara ya bonsai, nina elmu moja shina nene kama penseli. Nifanyeje lije kuwa nene kama mkono haraka? Na nimefunga matawi na binding waya ya nondo yakae ile staili, iko sawa?

Poa kijana wangu. Nimelipenda wazo lako ila nikuambie ukweli mapema, kwenye chungu kidogo shina halinenepi. Utakaa miaka unaangalia penseli ile ile. Shina linanenepeshwa na majani mengi, na majani mengi yanatokana na mizizi mingi, sasa ukikata kila kichipukizi na mti umeubana kwenye kisahani, shina litanenepeshwa na nini?

Panda ardhini. Chini ya shina weka kigae cha sakafuni au bapa la jiwe, mizizi isishuke wima, isambae pembeni, baadaye itakupa ule mguu mzuri uliotanuka. Uache ukue unavyotaka, mita mbili hata tatu, usiguse. Mwezi wa tisa kata shina chini, pale unapotaka mkunjo wa kwanza uwe, itatoa vichipukizi vingi, unachagua kimoja chenye uelekeo mzuri kiwe kilele kipya, unakiacha nacho kikimbie mpaka kinenepe, unakata tena. Wachina wa Guangdong wana mtindo wao kabisa wa hivi, wa kukata na kukuza bila waya, na elmu ni kati ya miti yao wanayoipenda. Shina linapata kona za asili na linapungua unene kadiri linavyopanda juu. Kila hatua ni misimu kadhaa, kwa hiyo usiwe na mti mmoja, uwe nayo mingi inayopishana umri, ndipo biashara inaanza kuwa biashara.

Kuipata mingi siyo kazi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, kata vitawi vya mwaka huu vilivyoanza kukomaa, urefu wa kidole kirefu, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mtoni uliooshwa, funika na chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Kwa mwezi mmoja au miwili vingi vitashika. Na ile mizizi niliyomwambia mama wa Kihesa asitupe, kipande cha unene wa penseli, urefu wa kidole, kizike kwenye mchanga kikiwa wima, ule upande uliokuwa karibu na shina uwe juu na uchungulie nje kidogo sana. Kitachipua pale juu. Wengi hawaamini mpaka waone, na miti ya mizizi inatoka na mikunjo ambayo kitawi hakikupi kamwe.

Waya ya nondo itoe leo leo. Ni ngumu, unatumia nguvu kubwa tawi linapasuka, halafu inashika kutu. Tafuta ya aluminiamu, ukikosa nenda kwa fundi umeme umwombe vipande vya waya wa shaba, ule wa 1.5 na 2.5 wa uzi mmoja, menya plastiki yote. Shaba hiyo bado ngumu kidogo, iweke juu ya jiko la mkaa jioni penye giza giza mpaka iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe. Itakuwa laini kama imechemshwa, na ukishaikunja kwenye tawi inajigandisha yenyewe. Zungusha kwa mshazari wa kama nyuzi 45, ikae imegusa ganda bila kubana. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tatu elmu inanenepa kwa kasi sana, kagua kila wiki, ukiona waya unaanza kuzama kwenye ganda ukate kwa plaizi kipande kipande, usiuzungushe kuutoa. Kovu la waya linakaa miaka na mnunuzi anayejua ataliona kabla hajakuuliza bei.

Ukishalihamishia kwenye chungu la kuuza, hapo sasa ndiyo unaanza usafi: kichipukizi kiache kifike majani sita mpaka nane, kata yabaki mawili. Unafanya hivyo msimu mzima, majani yanazidi kuwa madogo na vitawi vinagawanyika.

Bibi, nilinunua mbegu za bonsai ya elmu mtandaoni, nimepanda hapa Mafinga hakuna iliyoota. Nitapata wapi mti wenyewe?

Pole sana. Mbegu za elmu hazidumu, zikikaa miezi kwenye pakiti bila baridi zinakufa, na mara nyingi kilichomo kwenye pakiti hata siyo elmu. Kingine, mbegu au mche wowote kutoka nje ya nchi unatakiwa uwe na kibali cha TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, kwa sababu wadudu na magonjwa yanasafiri na miche. Mafinga mmejaa mashamba ya miti, ugonjwa mmoja mgeni unatosha kuwaumiza watu wengi, kwa hiyo hili nakuomba sana usilikwepe. Njia nyepesi ni kumwomba mtu ambaye tayari anao akukatie vitawi mvua zikianza.

Wakati unasubiri, jifunze kwa mti wetu. Msituni huku kuna Celtis africana, zamani wataalamu waliuweka familia moja na elmu, una jani lenye meno meno na ganda laini la kijivu. Afrika Kusini wanaufanyia bonsai sana na unakubali kukatwa vilevile. Mzeituni pori nao ni mzuri, polepole tu. Usichimbe kwenye hifadhi, tafuta miche inayoota yenyewe mashambani na kandokando ya njia, omba mwenye eneo.

Naishi Kyela, vyungu vya Wakisi vinafaa kwa bonsai?

Vinafaa, na mimi ningependa kuona vingi zaidi vikitumika. Wale akina mama wa Ikombe na Matema wanafinyanga kwa mkono vizuri sana. Ila usinunue cha kupikia, agiza mapema kabla hakijachomwa: kipana, kina cha vidole vinne au vitano, matundu mawili makubwa chini na vitundu vidogo vya kupitishia waya, pamoja na vimiguu vitatu ili maji yatoke. Kikishachomwa ni vigumu kutoboa bila kupasua. Vinapumua sana kwa hiyo udongo unakauka mapema, kwa joto la Kyela mwagilia asubuhi na kagua tena saa kumi jioni. Kabla ya kupanda kiloweke kwenye beseni usiku kucha, la sivyo chungu kitanyonya maji ya mizizi siku ya kwanza.